Sekunde Tisa

Kama chuo kingetoa shahada ya kusema "kesho", Fundi angeshaitwa profesa zamani. Alikuwa na kesho za kila aina. Kulikuwa na kesho ya asubuhi, ya wateja wapole. Kesho ya jioni, ya wenye hasira. Na "kesho bila kukosa", aliyowawekea waliokwisha kuifuata nguo moja mara nne. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika bila kinyongo. Alijijua. Aliwahi kumwambia kinyozi wa chumba cha pili kwamba siku akifa kweli, wateja watadai kuuona mwili kwanza, maana ameshatangaza misiba mingi mno.

Mwaka huu mambo yalimgeukia. Mtu aliyezoea kungojwa maisha yake yote, sasa yeye ndiye aliyekuwa akingoja, na kazi hiyo hakuipenda hata chembe. Binti yake wa pekee alikuwa ameomba nafasi katika chuo cha udaktari. Fomu ilisema kwamba watakaofaa watapigiwa simu waje kwenye usaili. Simu ya binti ilidumbukia kwenye ndoo ya maji na haikufufuka tena, kwa hiyo namba iliyoandikwa ilikuwa ya Fundi. Alisisitiza mwenyewe. Akasema namba ya baba mwenye nyumba ndiyo yenye uzito, kana kwamba huko chuoni wanapima namba kwenye mizani.

Tangu siku hiyo alimwita binti yake Daktari, na mtaa ukafuata. Mkewe, aliyekuwa akiuza mboga sokoni, akawa Mama Daktari kabla hata fomu haijafika chuoni. Wateja waliokuja kufuata nguo zao na kuzikosa, walau walipata ushauri wa bure. Mmoja alitoa ulimi akiwa amesimama mlangoni, ili binti auangalie.

"Baba, sijaitwa hata kwenye usaili," binti alilalamika. "Unaniaibisha."

"Utaitwa. Kwani wanaye mwenye alama kama zako?"

"Wanao. Mamia."

Kila asubuhi binti alikwenda kwenye duka la kutoa nakala, akalipia dakika kumi za mtandao, akafungua tovuti ya chuo. Kila asubuhi tovuti ilimjibu maneno yale yale: maombi yako yanashughulikiwa. Siku aliporudi na jibu hilo kwa mara ya thelathini na kitu, Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani akatikisa kichwa kwa heshima.

"Hao nao ni mafundi," alisema. "Hivyo ndivyo mimi ninavyowajibu watu."

Binti hakucheka. Fundi alicheka peke yake, kisha akaacha, akaiangalia simu yake iliyokuwa mezani kati ya mkasi na chaki. Kila usiku alikuwa akiomba iite. Mchana ilipoita, aliikimbia.

*

Jumatano, saa nne asubuhi, binti aliingia dukani akihema.

"Baba, nipe simu yako."

"Kuna nini?"

"Yule mwenzangu tuliyekaa dawati moja ameshafanya usaili. Juzi! Anasema wanamaliza leo. Wewe umesema hakuna aliyepiga."

"Hakuna aliyepiga," Fundi alisema, na walau mara hii alikuwa akisema anachokiamini.

Binti aliichukua simu akaanza kupekua. Orodha ya waliopiga ilikuwa ndefu na ya kutia aibu. Fundi alikuwa na utaratibu wake: mteja akipiga mara ya pili kuulizia nguo, jina lake linafutwa na kuandikwa Usipokee. Walikuwapo Usipokee, Usipokee Mbili, Usipokee Mnene, na Usipokee wa Kanisani. Kisha alikuwapo Mwalimu Suruali, na chini yake Mwalimu Suruali kwa Simu ya Mkewe. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu mwerevu, aliyekwisha kugundua kwamba Fundi hapokei namba anazozijua, hivyo akawa anaazima simu za watu.

"Hii namba ya mezani ni ya nani?"

"Ya shuleni kwa Mwalimu. Ana mbinu yule! Siku hizi anamtanguliza karani wa kike. Sauti laini, 'habari za kazi, napiga kutoka ofisi ya...' Mimi huyo, nikaruka mtego."

Binti alitoa nakala ya fomu mfukoni, akaikunjua juu ya meza ya kukatia. Pale juu, chini ya nembo ya chuo, palikuwa na namba. Aliweka kidole kwenye karatasi na kingine kwenye simu, akaenda tarakimu kwa tarakimu mpaka mwisho. Hakurudia.

"Wamepiga mara tatu," alisema. "Alhamisi hukupokea. Ijumaa ulipokea kwa sekunde tisa. Jana sekunde kumi na moja. Baba, ulisema nini kwa sekunde tisa?"

Fundi alikumbuka vizuri sana, kwa sababu wakati ule alijisifu.

"Nilisema niko msibani, nitapiga."

"Na jana?"

"Daktari, mimi sikujua ni..."

"Jana ulisema nini?"

"Imebaki vifungo tu. Njoo kesho."

Laiti angepiga kelele, Fundi angejua la kufanya. Wenye kelele alikuwa amewazoea, kila mmoja alikuwa na kesho yake. Binti aliketi kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, akawa anatazama nguo zilizoning'inia ukutani zikingoja mikono, kola na mapindo. Hakuna jambo lililowahi kumuumiza Fundi kama kumwona mwanawe amekaa kwenye benchi lile, pale pale walipokaa wote aliowadanganya.

Alipiga namba ile. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Ikaita mpaka ikakatika.

"Hawapokei," alisema.

"Pole," binti alijibu, na neno hilo moja lilimchoma kuliko mkasi.

Kinyozi, aliyekuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mbao na wala hakuona haya kusema amesikia, alichungulia mlangoni na mashine yake mkononi.

"Fundi, unangoja nini? Nenda! Mwende wote wawili! Duka nitaliangalia mimi. Wateja wakija nitawaambia..." Akasita. "Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli," alisema Fundi akivaa viatu.

"Hawataamini," alisema kinyozi.

*

Askari wa getini aliwaruhusu, lakini kwanza alimuuliza Fundi kama amekuja kumpima mtu. Ndipo Fundi akagundua kwamba utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Aliuvua akausokomeza mfukoni, ukabaki unachungulia ncha. Suruali yake mwenyewe ilikuwa imefumuka pindo. Fundi hana muda wa kujishonea.

Ofisi ya udahili ilikuwa na dirisha la kioo, na nyuma ya kioo mama mmoja wa makamo mwenye miwani na daftari kubwa. Benchi la ukutani lilijaa wazazi waliovaa vizuri, wakiwangoja watoto wao waliokuwa ndani. Fundi alizikagua suti zao bila kutaka. Mbili zilikuwa zimeshonwa vibaya mabegani, na jambo hilo lilimpa nguvu kidogo.

Binti alitaja jina lake. Karani alifunua daftari, akasoma, akavua miwani.

"Kumbe ni nyinyi," alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Poleni sana na msiba."

Wazazi wote wa benchi waligeuka. "Poleni," walisema wawili watatu.

"Ulikuwa umepangiwa Jumatatu, mwanangu," karani aliendelea. "Nilipopiga, baba akasema yuko msibani. Nikaenda kwa mwenyekiti wa usaili, nikamwambia huyu mtoto amefiwa, akasema basi msimsumbue, mwekeni siku ya mwisho. Jana nikapiga kuwaambia mje leo saa tatu. Baba akasema mambo ya vifungo, akakata. Nikajua tu, mzee amechanganyikiwa na majonzi." Akatazama saa ya ukutani. "Sasa saa tatu imepita. Jina limeitwa mara mbili."

"Hakuna namna, mama?" binti aliuliza.

"Namna ipo. Naweza kuandika barua ndogo kwa mwenyekiti, akuingize mwishoni. Ila lazima nieleze." Alichukua kalamu, akamgeukia Fundi. "Baba, aliyefariki ni nani? Ni mtu wa karibu?"

Hapo ndipo Fundi alipoletewa sahani safi ya chakula anachokijua kupika. Mama yake mzazi alikuwa amekufa kweli, miaka kumi na miwili iliyopita, kwa hiyo usingekuwa uongo mzima. Ungekuwa uongo wa tarehe tu. Neno moja, na mwanawe angeingia. Hakuwahi katika maisha yake kupewa nafasi ya kudanganya yenye faida kubwa namna hiyo, na mtu wa kuiandika yuko tayari na kalamu.

Alimtazama binti yake. Binti alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwa anamkataza wala kumsihi. Alikuwa amekaa mkao wa mtu anayeujua uongo unaokuja na ameshajiandaa kuubeba, aingie nao mle ndani mbele ya madaktari. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli.

"Hakuna aliyekufa, mama," alisema.

Kalamu ilisimama.

"Mimi ni fundi cherehani. Nina nguo za watu nyingi sijazishona. Namba nisiyoijua ikiita, najua ni mteja, namwambia niko msibani. Wewe nilidhani unatoka kwa mwalimu mmoja, nina suruali yake. Na vile vifungo... hata vifungo vilikuwa uongo. Suruali yenyewe sijaikata. Mtoto hana kosa lolote. Hata hakujua mmepiga mpaka leo. Kosa ni langu, tafadhali liandike jina langu, si lake."

Karani alimtazama Fundi muda mrefu, kuanzia usoni mpaka kwenye ncha ya utepe mfukoni.

"Gauni langu," alisema polepole, "liko kwa fundi tangu mwaka jana. Kila nikipiga yuko hospitali."

"Wangu amemzika baba yake mara mbili," alisema baba mmoja wa benchi.

"Wangu mashine imeharibika. Miezi sita mashine imeharibika!"

"Hivi kwa nini mnafanya hivyo?" mama mmoja mwenye kilemba aliuliza, akiwa amegeuka mzima kumkabili. "Si mseme tu kwamba hamjashona?"

"Tunaogopa mtachukua kitambaa chenu," Fundi alijibu.

Wakacheka, lakini hawakumwacha. Kwa robo saa nzima alisimama pale akipokea mashtaka kwa niaba ya mafundi wote wa nchi, wengine hata hawajui, akijibu ndiyo mama, kweli kaka, tunakosea. Karani hakuandika barua. Aliinuka, akaingia ndani mwenyewe, akatoka.

"Mwenyekiti amesema ataingia wa mwisho. Wakibakiwa na muda." Akamnyooshea Fundi kalamu. "Wakibakiwa. Na wewe kaa pale, usinitoroke."

Wakakaa. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Kila mlango ulipofunguliwa Fundi aliinuka nusu, akaitwa mwingine, akaketi. Hakujua kwamba kungoja kunachosha magoti. Saa kumi kasoro dakika ishirini, benchi likiwa tupu, jina la binti liliitwa. Alikaa ndani nusu saa kamili, akatoka, akasimama kidogo dirishani kwa karani, ndipo akaja.

"Wamesemaje?"

"Majibu ni kwa simu. Ndani ya wiki sita."

Walirudi kwa miguu. Njia nzima Fundi alitafuta la kusema, na kila alilolipata lilifanana na yale anayowaambia wateja. Walipokaribia nyumbani alisema tu, "Mwanangu, nisamehe." Binti aliitikia kwa kichwa, akatangulia kuingia.

*

Wiki zilizofuata hazikuwa za kawaida pale dukani. Simu ya Fundi ilipoita, alipokea. Namba yoyote. Alipokea mdomo una pini, alipokea anakula, alipokea amesimama bafuni na sabuni machoni. Na kwa kuwa sasa ilimlazimu kumsikiliza mtu mpaka mwisho ili ajue ni nani, na kwa kuwa sekunde zile tisa zilikuwa zimemtia hofu ya kusema lolote kwa haraka, alijikuta hana nafasi ya kudanganya.

"Suruali yangu," alisema Mwalimu, siku alipopiga kwa simu ya mke wa jirani yake.

"Sijaikata, Mwalimu."

"Umesemaje?"

"Kitambaa bado kiko kwenye mfuko uliokuja nao. Hata sijautia mkono ndani."

"Fundi, unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa unanijibuje hivyo? Angalau ungeniambia kesho!"

Wapo waliokuja kuchukua vitambaa vyao, kama alivyoogopa. Walikuwa wanne. Usipokee Mnene alimtukana vizuri, kwa mpangilio, kisha akaacha kitambaa pale pale. Wengine walipigwa na butwaa, wakaomba waambiwe siku ya kweli, na Fundi, ambaye hajawahi kutoa siku ya kweli, ilimbidi aihesabu kwa vidole. Kisha ilimbidi aitimize, maana wangepiga tena, naye angepokea tena. Ikawa anafungua duka alfajiri. Ukuta ulianza kuonekana nyuma ya nguo. Kumbe ulikuwa umepakwa rangi ya kijani. Kinyozi alimuuliza mke wa Fundi pembeni kama mumewe ameokoka au amepewa majibu mabaya na hospitali.

Fundi hakuwaeleza. Alimeza matusi, akaiweka simu kwenye chaji, akangoja.

Ilikuwa wiki ya sita, alasiri, jua limelala juu ya kizingiti. Mkewe alikuwa amepita kutoka sokoni na kikapu chake, na binti alikuwa akikunja pindo za sare za shule. Simu ikaita. Fundi aliiparamia yake, akaiweka sikioni, ikawa bubu. Iliyokuwa ikiita ni ile ndogo ya mkewe, iliyofungwa kwenye ncha ya khanga.

"Ndiye mimi," mkewe alisema. "Ndiyo. Ndiyo, yupo hapa, subiri." Akampa binti.

Binti alisikiliza. Alisema "ndiyo" mara tatu na "asante" mara moja. Kisha akaishusha simu akaishikilia kifuani kwa mikono miwili.

"Wamenichukua," alisema.

Mkewe alipiga kelele, kikapu kikaanguka, nyanya zikatawanyika mpaka nje. Kinyozi alikuja mbio akimwacha mteja na kichwa nusu. Fundi alimwinua binti yake juu kama mtoto wa miaka mitano, akajigonga kwenye cherehani, hakusikia maumivu. Alicheka, akajikuta analia, akacheka kwamba analia. Ilipita muda ndipo macho yake yalipoiona simu yake pale kwenye chaji, imejaa, iko kimya.

"Lakini," alisema, "mbona wamepiga ya mama?"

Mkewe aliinama kuokota nyanya.

"Niliwabadilishia namba, baba," binti alisema. "Siku ile ile, nilipotoka ndani. Nilimwambia karani afute yako. Samahani."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua," mkewe alisema kutoka chini ya meza. "Ningekuambiaje?"

Fundi aliitafuta hasira, kama mtu anavyotafuta sindano iliyoanguka sakafuni, akapapasa huku na huku, hakuipata. Alichokikuta ni kwamba ilimuuma, na kwamba mtoto alikuwa na haki.

"Umefanya vizuri," alisema. "Ningekuwa wewe, hata mimi nisingeiacha namba yangu."

Binti alimtazama, kisha akaitazama ile simu kwenye chaji, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Baba. Sasa zile simu za watu. Ulikuwa unapokea zote, unatukanwa... Mimi na mama tulidhani umeamua kuacha uongo."

"Niuache bure?" Fundi alijifuta uso kwa kipande cha bitana. "Nilikuwa nangoja yako."

"Zote zile?"

"Ningejuaje watapiga kwa namba gani?"

"Wiki tano?"

"Na siku mbili."

Binti alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. Aliketi, akaweka kichwa juu ya meza ya kukatia, katikati ya sare za watu, mabega yakawa yanamtikisika.

"We mtoto," mama yake alisema, nyanya mikononi, "umeshachaguliwa, sasa unalia nini?"

"Silii kwa hilo, mama," binti alisema.